Mdogo wangu kauliza kama huku Ulaya kumekufa, acha nimjibu kwa kirefu

Wiki iliyopita mdogo wangu wa mwisho alinitumia kivideo, mzungu mmoja anatembea na kamera katikati ya mji hapa Uingereza anaonyesha maduka yaliyofungwa, moja baada ya jingine, vioo vimepigwa mbao, mengine yamebandikwa karatasi za kupangisha, afu chini yake kaniandikia hivi: "Kaka hebu sema ukweli, kwa Malkia kumekwisha? Na kama kumekwisha mbona we kila ukija likizo unalalamika Dar imebadilika, kwani ulitaka tukusubiri?" Swali la kwanza nilicheka. La pili likanichoma, na nimekaa nalo siku nne. Leo nina ofu, nguo ziko kwenye mashine, acha nijibu yote mawili na nyie wengine mnaonisumbua na habari za kuja huku msome humu humu nisirudie.

Kwanza Malkia alifariki 2022, sa hivi ni kwa Mfalme. Hata jina la utani la nchi lishapitwa na wakati kwa hiyo anza kuzoea.

Afu ndio, ile video ni ya kweli, hajadanganya yule mzungu. Mi naishi Coventry, nilifika hapa 2004 na begi moja na jaketi la kuazima, na leo ukija nikakutembeza mjini nusu ya maneno yangu itakuwa "hapa zamani palikuwa na". Hapa palikuwa na Woolworths. Hapa BHS, ikafa 2016. Lile jengo la ghorofa saba palikuwa IKEA, wameifungua 2007 kwa mbwembwe, watu wanaenda kula vile vimipira vya nyama hata kama hawanunui kabati, 2020 wakafunga. Ukitoka nje ya Coventry habari ni hiyo hiyo, Toys R Us 2018, Debenhams 2021 na hiyo Debenhams ilianza mwaka 1778, yani imemzidi umri kila unachokijua pale Posta, afu Wilko 2023 maduka kama 400 hivi. Na zinapokufa hizi kinachokuja ni kinyozi, duka la sigara za mvuke, kuku wa kukaanga, ofisi ya kubeti, na duka la mitumba la hisani ambalo mi ndo mteja mkubwa sijifichi. Kuna mtaa mmoja nimehesabu vinyozi tisa. Sijui nani ananyolewa.

Lakini ntakuhadithia Woolworths tu, kwa sababu ina uhusiano na nyie na hamjui.

Woolworths ilikuwa duka la watu wa kawaida, hapa Uingereza walianza Liverpool 1909, unapata sufuria, soksi, balbu, CD, daftari za watoto, na pale mbele kuna mapipa ya peremende za kujichotea na koleo unatia kwenye kikombe wanapima. Mimi nilivofika sijui mtu, sina jiko, sufuria yangu ya kwanza nilinunua pale. Blanketi pale. Wabongo wa Coventry tulikuwa tukipeana miadi tunasema "tukutane mlango wa Woolworths" kama mnavosema tukutane Mnazi Mmoja. Mwisho wa 2008 ikafilisika. Maduka zaidi ya 800, wafanyakazi kama elfu 27, na waliyafunga kwa mafungu, la kwanza siku mbili baada ya Krismasi na la mwisho tarehe 6 Januari 2009. Mi nilienda siku za mwisho mwisho. Hujawahi ona kitu kama kile, bidhaa zimeisha, sasa wanauza duka lenyewe! Vikapu wanauza, ngazi wanauza, viti vya wafanyakazi, mpaka vining'inizio vya nguo. Kuna mama mmoja mtu mzima wa kaunta, beji yake bado kifuani, anauza kabati lililokuwa nyuma yake miaka yote na halii, anaandika tu bei kwa maka pen kwenye karatasi na kubandika. Nilinunua shelfu mbili za chuma, zile ndefu za kufungua vipande vipande, paundi 20 zote mbili. Moja ilikuwa bado na ule mkanda wa plastiki wa kuwekea bei na ndani kakaratasi ka bei ya peremende.

Rafiki zangu walinicheka, shelfu za nini wakati tunapanga vyumba. Nikawaambia zinaenda Temeke.

Na zilienda kweli, tukachangia kontena na watu wa Birmingham, vyuma nikavifunga na masweta katikati ili nisipoteze nafasi, miezi kama mitatu hivi zikatoka bandarini. Mnakumbuka fremu ya shemeji pale Tandika? Mume wa dada yetu, ile laibrari ya kukodisha DVD? Zile shelfu nyeupe mlizokuwa mnaegemea mkichagua movie ni Woolworths ya Coventry ile. Mtaji wangu, fremu yake, usimamizi wake. Na ilienda vizuri sana nisiwe mchoyo wa kusema, ilikuwa enzi za marehemu Kanumba, movie mpya ikitoka foleni mpaka kwa Mangi, mia tano kwa usiku mmoja, ukichelewesha unalipa tena. Shemeji alikuwa ananitumia hesabu kila mwezi bila kukumbushwa. Mi nikawa natembea huku na boksi zangu begani najiona mfanyabiashara, najua nikirudi nina pa kuanzia.

Afu hela ikaanza kupungua. 2011 kidogo, 2012 sana, 2013 hamna.

Hapa ndo naomba mnisikilize manake hiki kitu sijawahi kukisema. Ilikuwa mwisho wa 2013, nimetoka shifti ya usiku, mvua inanyesha ile ya huku, nyembamba inayoingia mpaka kwenye soksi. Nimeshuka kwenye basi nikajibanza chini ya kibaraza cha duka moja, nikatoa simu nikampigia shemeji. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mume wa dada yake. Nilimwita mwizi. Yeye ananijibu kwa upole, "shem, watu hawakodi tena, wanajaziwa kwenye flashi, movie kumi buku," mi nasema wacha kunizuga, mbona mwaka juzi walikuwepo, hao watu wamehama Tandika? Nikamkatia simu. Nilivogeuka kuangalia mvua kama imekatika nikaona nimeegemea kioo cha Blockbuster. Na Blockbuster kwa wasioijua ilikuwa laibrari ya kukodisha movie kama ile yetu ila ya kizungu, maduka mia kadhaa nchi nzima, na ndo mwezi huo huo walikuwa wanamalizia kufunga la mwisho. Ndani giza, shelfu tupu, bango la punguzo limedondoka upande mmoja. Kampuni yenye mabilioni imeuawa na kitu kile kile kilichomuua shemeji, nimeiegemea kwa mgongo wangu, na bado nilienda nyumbani nimelala na hasira naamini shemeji kanila.

Sikuongea naye miaka miwili na kitu. Dada akawa anabeba salamu katikati kama postamasta.

Sasa nikijiuliza kwa nini, ujinga siutaji peke yake. Mtu ukiwa huku unaishi sehemu mbili, hapa unapofanyia kazi na kule unapofikiria. Hapa pakibadilika unaona sababu unapita kila siku, leo wameweka mbao, kesho rangi, keshokutwa kinyozi. Kule umepaacha siku ya ndege na umepafunga hivo hivo na kufuli, Mangi yuko pale pale, daladala zile zile, mama yuko uani anachambua mchele. Unapotuma hela unatuma kwenye ile picha. Kwa hiyo mtu wa kule akikwambia biashara imekufa hukubali, unaona yeye ndo kaiua, sababu kwenye picha yako bado ipo.

Kwa hiyo swali lako la pili mdogo wangu, kwani nilitaka mnisubiri. Ndio. Nilitaka mnisubiri. Huo ndo ukweli ulioutaka.

Wenzetu wengine walilijua hili mapema kuliko mimi. Kulikuwa na mzee wa Kihindi ana kaduka Foleshill Road, anauza maziwa, magazeti, mafuta ya nywele na zile kadi za kupigia simu nje. Nyie wa kizazi cha bando hamzijui, kadi ya paundi 5 unakwangua na sarafu, unapiga namba ya kwanza, unasubiri, unaingiza namba za siri ndefu kama ya akaunti, dada wa kwenye mashine anakwambia una dakika 90, unafurahi, unapiga nyumbani, dakika ya 40 mama yuko katikati ya jambo la maana anasema "na kuhusu yule mtu wa kiwanja..." tii tii tii. Imekata. Wizi mtupu lakini tutafanyaje, Jumapili nzima tulikuwa pale dukani tunakwangua. Na yule mzee alikuwa anaongea Kiswahili, kile cha kwao, "nyinyi ya Dar napiga simu mingi sana bana." Alizaliwa Jinja, baba yake alikuwa na duka, 1972 Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke, wakaacha kila kitu, akaja hapa kijana akaanza upya kwa kazi ya kiwandani mpaka akapata kile kiduka.

Whatsapp ilivokuja kadi zikafa kwa miaka miwili mitatu tu. Magazeti yakafuata. Supamaketi kubwa ikafungua kaduka kadogo hatua mia kutoka kwake, maziwa nayo yakaenda. Siku anafunga nilipita, nilitegemea nimkute na huzuni nimpe pole, nikamkuta anakunywa chai juu ya kreti anapanga vitu vya kugawa. Kanipa boksi la sabuni na pakiti moja ya kadi za simu ambazo hazijauzwa, za ukumbusho. Nikamwambia pole sana mzee. Akaniangalia kama nimemwambia kitu cha ajabu. "Pole ya nini, hii ya pili. Ya kwanza nimelia. Hii mi nakunywa chai." Zile kadi bado ninazo, juu ya friji.

Jirani yangu wa nyumba ya kushoto naye, mzungu mzee, alifanya kazi Ryton kiwanda cha Peugeot hapo nje ya mji. Coventry hii ilikuwa mji wa magari, baiskeli kwanza halafu magari, kila familia ina mtu kiwandani. Jaguar wakaacha kuunda magari pale Browns Lane 2005, Peugeot wakafunga Ryton Desemba 2006, watu kama 2,300 wakaenda nyumbani, kazi zikahamia Slovakia ambako mishahara ilikuwa chini. Walikibomoa kile kiwanda chote, na unajua wakajenga nini? Maghala. Na unajua nani kafanya kazi kwenye maghala ya Ryton? Mimi hapa. Miaka minne nimebeba boksi kwenye ardhi ile ile ambayo jirani yangu aliunda magari. Nilivomwambia alicheka mpaka akakohoa, kesho yake akaniuliza kama mti fulani karibu na geti bado upo. Upo. Hakuniuliza kingine chochote.

Na tukiwa kwenye maghala, mnajiuliza nani anaua maduka ya huku. Wataalamu watakwambia kodi ya pango, kodi ya serikali ya mtaa, madeni ya wenye makampuni, korona, na yote ni kweli. Ila kubwa ni kwamba watu wananunua kwenye simu, na kinachonunuliwa kwenye simu lazima mtu akichukue shelfu akitie kwenye boksi akibandike lebo. Ndo sisi. Mnavotuita wabeba boksi mnatania lakini hizo boksi ndo zilizoua Debenhams. Usiku nabeba kinachoua maduka, asubuhi napita mjini nasikitika maduka yamekufa, afu nikifika nyumbani nafungua simu naagiza viatu. Tumeelewana?

Haya, sasa we unayetaka kuja. Sitakuzuia, kila mtu na riziki yake. Ila usije ukidhani unatoka kwenye biashara za kuyumba unakuja kwenye kampuni za milele. Mi lile ghala la Ryton siku moja tuliitwa kantini saa kumi alfajiri, meneja akasoma karatasi, mkataba umeisha kazi zinahamia kwingine. Hamna kelele, watu wamerudi kumalizia shifti. Sheria ya huku ukiwa umefanya kazi miaka miwili kamili unalipwa kiinua mgongo kwa kila mwaka uliofanya, kijana chini ya miaka 22 nusu wiki, mtu mzima wiki moja, ukishafika miaka 41 wiki moja na nusu. Kwa hiyo miaka minne yangu ilikuwa mishahara ya wiki nne. Wakati huo nilikuwa nishapata makaratasi yangu ya kukaa moja kwa moja, nikapumzika wiki nikapata ghala jingine.

Asiye na makaratasi hayo ndo wa kumlilia. Viza nyingi za kazi zimefungwa kwa mwajiri, yeye ndo kakudhamini. Kampuni ikifa au ikinyang'anywa leseni ya kudhamini, Uhamiaji kwa kawaida wanakuandikia una siku 60, upate mdhamini mwingine au uondoke. Hii imewakuta Waafrika wengi sana waliokuja kwenye kazi za kulea wazee, viza ilifunguliwa kwao Februari 2022, watu wakauza viwanja wakalipa madalali, wakafika wakakuta kampuni ni kachumba kamoja juu ya duka, saa za kazi hamna. Machi 2024 wakakataza walezi wapya kuja na mke na watoto, Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri walezi kutoka nje. Kwa hiyo yeyote anayekwambia leo "nipe milioni kumi nikupeleke Uingereza ukalee wazee" huo mlango haupo. Mwambie kaka yangu kasema. Na ukipata mlango mwingine wa halali basi njoo, ila uje na ufundi, yani ujuzi wa mikono yako mwenyewe unaoweza kuhama nao jengo likifungwa.

Nirudi nyumbani sasa. 2022 nilikuja, mnakumbuka nilivokuwa na hasira. Niwaambie ilianzaje. Kesho yake ya kufika nataka kwenda Korogwe kumuona mama mdogo, naamka alfajiri najiamini, mtoto wa mjini bwana, nachukua bodaboda namwambia Ubungo stendi. Kijana kaniangalia, kasema mzee wa wapi wewe? Mzee! Stendi imehamia Mbezi mwaka uliopita tu, inaitwa Magufuli, pale Ubungo ni mabarabara yamepandana kama tambi. Nikajifanya najua, nikasema aah nilisahau. Njiani namuuliza Scandinavia siku hizi zinaondokea wapi, yale mabasi ya kupewa soda na biskuti, kijana kanyamaza, nahisi alikuwa hajazaliwa au anaogopa kuniaibisha mara ya pili. Mangi wetu nimekuta kahamia Goba anajenga, pale pake kuna mtu wa chipsi. Shoprite tuliyokuwa tunaenda kushangaa tu baridi yake waliondoka 2014 maduka wakawaachia Nakumatt wa Kenya, na Nakumatt nao wakafa, Kenya kwao kwenyewe wakafa. Na tangu nimerudi huku mmeniambia hata Tigo haipo, Novemba 2024 wamekuwa Yas, ambayo sisi wakubwa tunaijua ilianza Mobitel ikawa Buzz ikawa Tigo. Namba ni ile ile jina ndo linabadilika, kama mwanamke aliyeolewa mara nne, nisamehewe.

Kila nilichokikosa safari ile nililalamika kwa sauti. Mama alivumilia siku mbili, ya tatu akaniambia, "Baba, kwani wewe nani alikuambia wewe ni yule yule?" Akaendelea kuchambua mchele. Hicho kitu tu ndo nilikikuta kama nilivokiacha, na hata hapo alikuwa kavaa miwani.

Jioni yake nikaenda kwa shemeji. Alikuwa tayari ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, anauza na makava ya simu na chaja, fremu ni ile ile na shelfu ni zile zile, zimepauka rangi tu. Hatukuzungumza habari ya ile simu ya 2013. Akaninunulia soda, tukakaa kwenye benchi, baadae akaingia ndani akatoka na daftari kubwa lile la kaunta, jalada limeliwa na mende. Lilikuwa daftari la kukodisha. Hakusema kitu akanipa tu nilishike. Nikafungua. Kila siku mstari, jina la mteja, movie, mia tano, sahihi. 2010 ukurasa mmoja hautoshi siku moja, Jumamosi watu 40, 45. Nikaenda mbele. Watu 20. Watu 12. Nne. Mwandiko ni ule ule nadhifu na tarehe kapigia mstari kwa rula hata siku ambazo chini yake hamna jina. Ukurasa wa mwisho Jumapili mteja mmoja, na pembeni kwa peni nyekundu kaandika "hakurudisha."

Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Nikamwambia shemeji, mi nilikukosea. Akasema aah, yameisha, kunywa soda itapoa. Soda kupoa, ndo alivosema. Nikanywa.

Sasa majuzi, kabla hata ya hiyo video yako, kanipigia. Mwenye nyumba anabomoa fremu zote anataka kupandisha ghorofa, wamepewa miezi miwili. Yeye shwari, kashapata kibanda karibu na kituo cha mwendokasi, lakini ni kadogo, mita mbili kwa mbili, vitu vinaning'inizwa ukutani. Akauliza, "shem, zile shelfu zako nikuwekee kwa mama? Utazikuta ukirudi." Zamani ningesema niwekee. Ningesema usiguse, hizo za kuanzia duka langu nikirudi, na zingekaa uani miaka kumi kuku wanazilalia na mama anazilalamikia. Nikamuuliza chuma chakavu wanachukua bei gani siku hizi. Akanyamaza kidogo, akasema ngoja niwaulize.

Jana kanitumia picha mbili. Moja ni mzani, vyuma vyote vimefungwa kamba, kilo 58. Ya pili ni kakaratasi kametoka kwenye ule mkanda wa plastiki, ka bei ya peremende, kaandika "hii hawapimi, niitupe?"